Mwenye Maji wa Kalembwe

Utotoni kwangu hakuna mtu aliyechota maji ya Kalembwe bila kusalimia kwanza. Ulifika kwenye jicho la chemchemi, ukatua mtungi pembeni, ukachuchumaa, ukapiga makofi ya taratibu kwa viganja vilivyokunjwa kidogo, ukataja jina lako na jina la aliyekutuma. Baada ya hapo ulichota kwa kibuyu. Sufuria haikuruhusiwa kugusa jicho, wala jembe, wala kisu, wala chochote cha chuma. Sisi watoto tulijitaja harakaharaka, macho tumeyafumba, kwa sababu chini ya lile jiwe jeusi lililolala kama ng'ombe aliyeshiba alikuwamo Mwenye Maji.

Mwenye Maji alikuwa chatu. Sikuwahi kumwona, na simjui mtu aliyewahi kumwona, lakini hilo halikutupunguzia hofu hata kidogo. Ukitia mkono chini ya jiwe ulikuta ubaridi wa kuuma mifupa, hata kwa sisi tuliozaliwa Ufipa, ambako mwezi wa sita na wa saba upepo wa asubuhi unapasua midomo. Tuliambiwa ubaridi ule ni pumzi yake.

Aliyetuambia ni Bibi Apolonia, mama yake Baba. Yeye ndiye aliyekuwa mtunzaji wa chemchemi. Kazi hiyo alirithishwa na shangazi yake, na shangazi yake alirithishwa na mtu ambaye jina lake hata Bibi hakulijua. Kila mwaka kabla ya mvua za kwanza aliingia peke yake kwenye kichaka kilichozunguka jicho, akaondoa majani yaliyooza, akazibua njia za maji kwa mikono, akanyunyiza unga wa ulezi juu ya jiwe. Jumapili alitembea hadi misheni ya Kaengesa na rozari yake shingoni. Hakuona ugomvi wowote kati ya mambo hayo mawili. Wanasema padre mmoja aliwahi kumuuliza anafanya nini kule kichakani, naye akamjibu, "Nafagia, Padre."

Kichaka kile kilikuwa ajabu kwa nchi yetu. Uwanda wa Ufipa ni majani matupu, kilima baada ya kilima, matuta ya mashamba na anga. Wazee walisema miti iliisha zamani kwenye tanuri za kuyeyushia chuma. Nasi tulizikuta tanuri hizo bado zimesimama mabondeni, minara ya udongo isiyo na moto, mbuzi wakijikinga humo mvua. Lakini Kalembwe miti haikuguswa. Palikuwa na mikuyu mikubwa na mizambarau ya porini, na chini yake giza la kijani, na katika giza lile mto ulianza ukiwa mwembamba kama mkono wa mtoto. Ulipofika shambani kwetu ulikuwa umeshakuwa mto wa kuoga watu wazima. Kutoka hapo ulipinda kuelekea mashariki, ukafika ukingoni mwa uwanda, ukajitupa kwenye miteremko kwenda bonde la Rukwa.

Kwa nini ulikwenda mashariki, hilo nalo Bibi alikuwa na maelezo yake. Alisema zamani nchi hii ilikuwa imelala tambarare, hakuna mteremko wa Rukwa upande huu wala wa Tanganyika upande ule. Mwenye Maji alikuwa akisafiri kwenda machweo. Akiwa njiani, nchi ikanyanyuka mbele yake, kama mtu aliyelala chali anavyokunja magoti. Akajaribu kupanda, akashindwa. Ndipo akageuza kichwa, akatazama mawio, akajilaza hapo alipo mpaka leo.

"Amegeuka mara moja," Bibi alikuwa akimalizia, "kwa hiyo njia ya kugeuka anaijua."

Nilikuwa naanza darasa la pili wakati watu walipohamishiwa kwetu. Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa. Hadi hapo tulikuwa kaya chache zilizotawanyika, kila moja na moshi wake wa mbali. Kwa msimu mmoja tu yakaletwa malori, watu wakashushwa na milango yao, kuku wao na wagonjwa wao, wakapangiwa viwanja kwa mstari ulionyooka kando ya barabara. Baba yangu, Kasiani, alichaguliwa mwenyekiti. Alikuwa mtu mrefu, mpole, aliyesoma kidogo misheni, na aliamini kwa moyo wote kwamba tukikaa pamoja watoto wetu watapata shule na zahanati. Shule tuliipata, mimi ni ushahidi. Sitaki mtu asome habari hii akadhani namlaumu Baba kwa kuamini.

Eneo lilichaguliwa kwa sababu ya Kalembwe. Baba mwenyewe ndiye aliyesimama kwenye mkutano wa wilaya akasema kwetu kuna mto usiokauka. Ulikuwa kweli haukauki. Ila haukuwahi kuombwa maji na watu wengi kiasi kile.

Wageni walihitaji nguzo za nyumba, na nguzo zilikuwa mahali pamoja tu. Bibi aliposikia shoka la kwanza kichakani alivua viatu, akaenda akiwa pekupeku. Alirudi mikono ikiwa imening'inia. Hakupiga kelele. Wale waliokuwa wakikata walikuwa na watoto wanaolala nje na baridi ile, naye aliwaona.

"Wamekata upande wa juu," alimwambia Mama. "Upande wa jicho wameniachia."

Mwaka uliofuata, wakati wa kuvuna maharage, akaja kijana mmoja wa serikali, mtaalamu wa miamba na maji. Sisi tulimwita Bwana wa Mawe, kwa sababu mifuko yake ya suruali ilining'inia kwa mawe. Alikaa kwetu siku kadhaa, akalala chumba cha mbele, akala ugali wa ulezi bila kuchagua. Mchana alizunguka vilimani na nyundo ndogo, nasi watoto nyuma yake kama inzi.

Siku moja alitupandisha kilima cha upande wa machweo, kilima kikavu kisicho hata na kijito. Akaokota jiwe jeupe, laini kama yai, akaniwekea kiganjani.

"Mnachezea mawe haya kila siku, sivyo?"

"Ndiyo."

"Nani ameyalainisha?"

Hakuna aliyejua. Mmoja akasema Mungu.

"Mungu, kwa kutumia maji," akasema. "Upepo haufanyi jiwe kuwa hivi. Hili limebingirishwa na mto. Mto wenu ulipita hapa juu zamani, ukienda huko." Akanyoosha mkono machweo. "Halafu nchi ikaanza kunyanyuka, taratibu kuliko kucha zenu zinavyoota. Huku kukapanda, kule Rukwa kukazama. Mto ukashindwa kupanda kilima. Ukageuka."

Nilikimbia kumwambia Bibi. Jioni ile, jua bado halijazama, akamwita mgeni akae naye nje, wakapukuchua mahindi pamoja. Bwana wa Mawe alimwamkia shikamoo kwa mikono miwili, akamwomba amsimulie habari za chatu. Akasimuliwa. Akaomba asimuliwe tena. Kisha akatikisa kichwa akicheka kwa furaha, kama mtu aliyekutana na ndugu mjini asikotarajia.

"Bibi, mimi yule namwita ufa," akasema. "Mvua ya uwanda mzima inanyesha, inaingia kwenye nyufa za mwamba, inatembea gizani miaka na miaka. Maji mnayokunywa leo pengine yalinyesha kabla hujazaliwa. Na lile jiwe jeusi ndilo linaloyazuia yasiende chini zaidi, ndiyo maana yanapanda na kutokea pale."

"Kwa hiyo jiwe ni mlango," akasema Bibi.

"Ni mlango."

Asubuhi ya kuondoka kwake nilimsikia akizungumza na Baba penye gari. Baba alitaka kujua kama jicho linaweza kupanuliwa maji yaongezeke. Bwana wa Mawe alisita.

"Mwenyekiti, sijui. Yanaweza kuongezeka. Yanaweza pia kupata njia fupi ya kuteremka, na yakishaipata hayarudi. Usiliguse jiwe. Nipe muda, nitarudi na vyombo vya kupimia."

Hakurudi mwaka ule. Baadaye tulisikia alihamishiwa mkoa mwingine, na gari lao lilikuwa limekosa mafuta kama magari mengi ya wakati ule. Kiangazi kikaja, kikali. Mto ukapungua kwa namna ambayo hata wazee hawakuwahi kuiona, maana sasa kila alfajiri wanawake wa kijiji kizima walikuwa wamepanga ndoo kwenye jicho. Ndiyo, ndoo. Kusalimia kuliendelea kwa walioanza zamani, wengine walitucheka. Watu waligombana, mitungi ikavunjwa. Siku moja mwanamke mjamzito alisukumwa kwenye foleni akaanguka juu ya mawe, akapoteza mimba. Baba alipoletewa habari hiyo aliondoka na baiskeli kwenda kwa mafundi waliokuwa wakipasua mwamba kutengeneza barabara. Alirudi na ahadi yao. Wangekuja na baruti.

Aliitangaza habari hiyo palepale kwenye foleni, mchana, wanawake wote wakisikia. Bibi alikuwapo. Akasimama kwenye jiwe.

"Kasiani, unataka kumpasulia mlango?"

"Mama, watu hawa nimewaleta mimi. Nilisimama nikasema kuna maji."

"Ulisema kuna maji ya watu wangapi?"

Baba aliitazama foleni, ndoo hadi ndoo. Nadhani kama Bibi angenyamaza hapo, mambo yote yaliyofuata yangekuwa na uzito mwingine. Lakini hakunyamaza. Alikuwa ameona kichaka kikipungua, ameona ndoo za bati zikigonga jiwe, na alikuwa amevumilia.

"Basi sikia, na ninyi nyote sikieni. Huyu ukimpasulia mlango ataondoka. Na hataondoka bure. Atachukua kitu katika nyumba ya aliyempasulia."

Mama yangu alikuwa kwenye foleni na mdogo wangu Leonsia mgongoni. Nilimwona akikaza khanga aliyombebea.

Leonsia alikuwa hajaanza kumaliza sentensi vizuri. Alipokwenda na sisi chemchemini yeye hakuridhika kutaja jina lake. Aliwataja wote, Baba, Mama, mimi, Bibi, jirani, mbuzi wetu wawili, halafu akauliza kama Mwenye Maji amesikia. Nilikuwa namwonea haya. Sasa sikumbuki sauti yake hata nikijitahidi, nakumbuka tu kwamba ilikuwa nene kuliko mwili wake.

Mafundi walikuja. Tulisogezwa mbali, tukaziba masikio. Mlio ule niliusikia kwenye tumbo kabla ya masikioni. Vumbi likapanda, ndege wote wa kichaka wakaruka kwa pamoja, kisha kukawa kimya. Halafu mtu akapiga kelele, "Maji!" Yalitoka mekundu kwanza, baadaye meupe, yakiruka kufika kiunoni mwa mtu. Wanawake wakapiga vigelegele. Watoto tukaoga na nguo. Baba alimweka Leonsia mabegani akaingia naye majini, akicheka kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, na akatafuta kwa macho mahali alipo Bibi. Bibi alikuwa ameketi ukingoni. Alimwinulia mkono. Nilidhani amekubali kwamba alikosea, na nilifurahi kwa ajili yao wote wawili.

Maji yale yalitoka hivyo kwa siku chache. Kisha asubuhi moja yakawa yanafika magotini. Kisha kifundoni. Baadaye jicho likawa linatoa mapovu na mlio wa mtu anayekoroma, na mwishowe likanyamaza. Mto haukukatika mara moja, ulikwenda ukikonda kutoka juu kuja chini, na ulipopita uliacha kaa na samaki wadogo wakifa kwenye tope. Mchungaji mmoja aliyepanda kutoka upande wa Ilemba akatuambia kuna maji mapya yamepasuka ukutani mwa korongo, chini kabisa, karibu na bonde. Baba akateremka kwenda kuona. Alirudi kesho yake, miguu imechubuka.

"Yapo," akamwambia Mama. "Yanamwagika huko chini, mengi, safi. Kama yametoroka."

Kwetu hayakuwa na faida. Hakuna mwanamke angeteremka ukuta ule na kupanda na ndoo kichwani. Yalibaki madimbwi kwenye mkondo wa mto, na madimbwi hayo tuliyagawana na ng'ombe.

Mimi ni muuguzi mstaafu. Nimefanya kazi Sumbawanga karibu maisha yangu yote ya utu uzima, na ninajua kwa uhakika kilichotokea baada ya hapo. Najua vijidudu vinavyokaa kwenye maji kama yale. Najua kwamba mtoto anayehara na kutapika anahitaji maji yaliyochemshwa, chumvi kidogo na sukari, kijiko baada ya kijiko, na nimewafundisha akina mama wasiohesabika kufanya hivyo. Wakati ule nyumbani kwetu hakuna aliyejua. Tuliambiwa mtoto anayehara asipewe maji, maana yatamzidishia.

Watoto wengi waliugua. Leonsia aliugua asubuhi, na jioni macho yake yalikuwa yameshazama. Kesho yake lilipita lori la Bwana Salumu, mfanyabiashara wa mtaa wa Majengo, Sumbawanga mjini, aliyekuwa akinunua maharage vijijini. Baba alisimama katikati ya barabara kulizuia. Bwana Salumu alimwona mtoto, akashusha magunia yake pale pale kando ya barabara ili Mama apate nafasi ya kumlaza, akaendesha kama mwendawazimu. Nami niliwekwa nyuma nimshike miguu. Tulikuwa tumeshaanza kuziona bati za mji zikimetameta wakati Mama alipogonga kioo. Bwana Salumu akasimamisha lori. Akashuka, akafungua mlango wa nyuma, akatazama. Akavua kofia yake na kuinua viganja kuomba dua, kwa dini yake, huku Mama akifanya ishara ya msalaba kwa dini yetu. Kisha akageuza lori, akaturudisha.

Tulimzika kesho yake. Watu walikuja, maana kwetu msiba hauachwi. Lakini niliona walivyokaa. Walikaa karibu na Mama, karibu na Bibi, na pale Baba alipoketi pakabaki mkeka mtupu pande zote. Hakuna aliyesema neno mbele yetu. Tulipokwenda kuteka maji ya wageni ndipo nilipowasikia wanawake kwenye dimbwi. "Si aliambiwa? Amechukuliwa wa nyumba yake." Na mwingine, "Angechukuliwa wake tu basi. Wetu wanaumwa kwa ajili gani?"

Baba aliyasikia vilevile. Aliacha kula. Siyo kwamba alikataa, alipelekewa sahani akaitazama mpaka ugali ukapasuka kwa kukauka. Mama alimsihi, mjomba alimsihi. Alikuwa akinyauka mbele yetu kama kitu kilichong'olewa.

Siku ya kumaliza matanga watu walijaa uani, ilikuwa adhuhuri, jua limesimama wima. Baba akainuka akaenda mbele ya Bibi, akapiga magoti kwenye vumbi, mtu mzima, mwenyekiti, mbele ya kijiji chake.

"Mama," akasema. "Ulisema."

Bibi akajishika kiuno na kuinuka, na hakumwambia yeye, aliwaambia watu.

"Nasikia mnanong'ona. Nitawapunguzia kazi. Maneno yale niliyatunga mimi. Nilikuwa na hasira na mwanangu, nikatafuta neno la kumuumiza nikalipata. Sikuambiwa na mtu. Sikuota. Mwenye Maji hachukui watoto."

Mzee mmoja, wa rika lake, akasema kwa sauti ya chini, "Apolonia, angalia unachosema."

"Naangalia. Nimefagia pale tangu nikiwa mwali. Nimetia mikono chini ya lile jiwe mpaka kwapani. Kama kungekuwa na nyoka ningemgusa. Hakuna kitu mle. Ni maji tu, na maji yamekwenda chini kama alivyosema yule kijana wa mawe. Mtoto ameuawa na kuhara, kama watoto wa watu wengine. Mwacheni mwanangu."

Akachukua sahani kwa Mama, akaketi chini vumbini alipokuwa Baba amepiga magoti, akamega tonge.

"Kula."

Baba akala. Alikula akilia, na Bibi akammegea tena na tena kama mtu anayelisha mtoto, mpaka sahani ikaisha. Na baada ya muda, mmoja baada ya mwingine, wanaume wakasogea wakaja kuketi karibu naye.

Yaliyofuata hayakutokea kwa siku moja, ndiyo maana ilinichukua miaka kuyaona. Ulipofika wakati wa kufagia kabla ya mvua, Bibi hakwenda. Na nani mwingine angekwenda? Nani angemwambia mtu asikate mkuyu, asilime mpaka kwenye jicho, wakati mtunzaji mwenyewe amesimama mbele ya kijiji akasema hakuna kitu mle? Miti iliyobaki ikakatwa, mchana, bila hofu. Mvua ziliporudi maji yalitokeza kidogo kwenye ufa mwingine chini ya pale pa zamani, yakawa mto tena kwa miezi ya masika, mwekundu wa udongo wa mashamba. Kufika Septemba unakuta mchanga.

Bwana wa Mawe alirudi nikiwa darasa la saba, akiwa amenenepa kidogo. Alisimama mbele ya jiwe lililopasuka. Hakumlaumu mtu. Alimweleza Baba kwamba ufa uliofunguka huko chini unaweza siku moja kuzibwa na mchanga na udongo, na maji yakapanda tena mpaka juu. Mto huu umekwisha kubadili njia kabla, akasema, si jambo geni kwake.

"Itachukua muda gani?" Baba akauliza.

"Sijui, Mwenyekiti. Siyo muda wetu."

Mwaka jana nilikwenda Kalembwe. Kuna vijana wa kijiji wameanza kupanda miti kuzunguka jicho, wamezungushia miiba, na kiongozi wao, binti mwenye umri wa wajukuu zangu, alinionyesha unyevu chini ya mawe kwa fahari kama ya mtu anayeonyesha mtoto wake. Kuna wataalamu waliowaambia kwamba miti ikikua mvua itaingia ardhini tena na mto utapata nguvu. Kuna wengine waliowaambia kwamba ufa ni ufa, na mvua zenyewe siku hizi hazitabiriki. Na wakati huohuo wapo wanaotaka kuchimba visima kando yake, kwa sababu watu bado wanahitaji maji, kama walivyohitaji wakati wa Baba. Binti yule aliniuliza mimi naonaje. Nilimwambia apande. Sikujua kitu kingine cha kumwambia.

Wenzangu niliowasimulia habari hii huniuliza nani alikuwa sahihi, Bibi au Bwana wa Mawe. Mimi huwaambia wote wawili walikataza kuligusa lile jiwe. Ninachojiuliza mwenyewe ni kingine. Najiuliza Bibi aliamini nini adhuhuri ile.

Nilimuuliza mara moja. Nilikuwa nimekuwa msichana mkubwa, naondoka kwenda kusomea uuguzi, na tulikuwa tunachambua maharage, mimi na yeye tu. Nikamwambia, "Bibi, siku ile ya matanga ulisema kweli?"

Aliendelea kuchambua.

"Baba yako amekula leo?"

"Amekula."

"Basi."

Sikumsumbua zaidi. Ila niliwahi kuona jambo moja. Tangu siku ile ya matanga hadi alipokufa, Bibi hakupita tena karibu na Kalembwe. Njia fupi ya kwenda Kaengesa ilikatiza pale, na yeye Jumapili zote alizunguka kwa njia ya kilimani, kwenye upepo, na miguu yake mibovu. Mtu anayejua mahali hapana kitu hana sababu ya kupazunguka. Ninaamini alipokuwa akimmegea Baba tonge alijua kabisa amemkana nani, na alidhani atalipa peke yake.

Hakulipa peke yake. Nimeshika mikono ya akina mama wengi waliopoteza watoto, nami sithubutu kusema alifanya vibaya. Alikuwa na vitu viwili vinavyokufa mbele yake, na pumzi ya kuokoa kimoja. Baba alizeeka vizuri. Alikufa akiwa mtu wa kusalimiwa na kila mtu njiani. Mto kama utarudi, hilo sijui, na aliye hai leo hatapata kujua.